Bei ya Kukaa

Kikombe cha kwanza cha kahawa nilichokunywa maishani nilikinunua Magomeni Mapipa kwa shilingi mia mbili, nikiwa na miaka ishirini. Nalisema hili kwa aibu kidogo, maana nimezaliwa shambani mwa kahawa. Kwetu, nje kidogo ya mji wa Bukoba, mibuni imechanganyika na migomba hadi karibu na mlango wa jikoni, na utotoni mwangu likizo ya Juni ilikuwa likizo ya jina tu: kuchuma, kuanika, kuanua mbio wingu likisogea kutoka ziwani. Lakini kunywa? Kwetu kahawa hutafunwa. Bibi huzichuma zilizokomaa ambazo hazijawa nyekundu, huzichemsha na majani yenye harufu nzuri, huzianika mpaka zikauke kabisa, na mgeni akipiga hodi huwekewa chache kiganjani kabla hajaulizwa habari za huko atokako. Asubuhi tulikunywa chai. Kahawa ya kunywa tuliijua kwa makopo ya Africafe, ambayo hutengenezwa palepale Bukoba katika kiwanda cha Tanica, na makopo hayo sisi tulihifadhia chumvi.

Nilifika Dar es Salaam Novemba 2022 kusoma Kiswahili pale chuo kikuu, Mlimani. Nilishuka stendi ya Magufuli, Mbezi, miguu imevimba na masikio bado yanavuma kwa mngurumo wa basi, na cha kwanza nilichokitafuta kwa macho ni ubao wenye neno MGAHAWA. Nikauona, nikaingia, nikaagiza kahawa. Nilidhani ndivyo watu wa mjini wanavyofanya. Dada aliyekuwa akifuta meza akanitazama kwa huruma.

“Kahawa hakuna, mdogo wangu. Kuna chai ya rangi, chai ya maziwa, na supu ya ng'ombe.”

Nikanywa supu. Baadaye, katika somo la maumbo ya maneno, mwalimu alitupa kazi ya kufuatilia neno moja la mjini, kila mtu na lake, na mimi sikuhitaji kufikiri mara mbili. Kahawa ni Kiarabu, *qahwa*. Ukiitangulizia ile m- ya ngeli unapata mkahawa, pahali pa kahawa. Dar wengi hutamka mgahawa: k imelainika ikawa g, utadhani neno lenyewe limechoka kusubiri kahawa isiyoletwa. Nilichokusudia ni kuandika kurasa tatu nimalize. Badala yake nilizunguka jiji miezi minane, na kurasa zile tatu zilichelewa hadi nikakatwa alama.

Sitaki kujidai kwamba ulikuwa utafiti. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta pa kukaa. Nilipanga chumba Mabibo na wenzangu wawili, chumba kimoja, dirisha moja, na ukuta mmoja tulioshirikiana na redio ya baba mwenye nyumba. Wawili wakilala, wa tatu hana budi kukaa kitandani kwa mwenzake au kutoka. Maktaba ya chuo ni kubwa na nzuri, lakini majira ya mitihani usipofika asubuhi utasoma umesimama. Kwa hiyo nikatoka. Na mtu akitoka Dar es Salaam, mwisho wa safari yake ni mezani kwa mtu.

Fedha niseme kwa ufupi. Posho ya kujikimu tunayoiita bumu ilikuwa imetoka kupandishwa mwaka huo wa masomo, kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Elfu kumi kwa siku inasikika vizuri mpaka ujue kwamba haiji kwa siku. Huja kwa mkupuo, na mkupuo una tabia zake. Wiki ya bumu utawaona wanafunzi wamezunguka meza za plastiki pale Mamboz, kwenye kona ya Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Libya, moshi wa kuku wa kuchoma unawafumbisha macho, kila mmoja anaagiza kwa sauti. Wiki ya mwisho wale wale wanapiga pasi ndefu: asubuhi unaruka, mchana unaruka, jioni unashuka na chapati mbili. Mimi pia nilipiga pasi. Sina la kuficha.

Mabibo nilikula kwa mama mmoja ambaye banda lake lilikuwa hatua chache kutoka Mahakama ya Ndizi. Hilo ni soko, kwa wasiolijua. Hukumu pekee inayotolewa pale ni ya bei ya mkungu. Kwa mtu wa kwetu kulipita soko lile ni adhabu tosha. Ndizi zimelundikwa juu ya majani makavu, za Kilimanjaro, za Mbeya, za Morogoro, na nikiona za Kagera, mkoa wetu, nilikuwa nasimama tu kuziangalia kama mtu anayeangalia picha za harusi asiyoalikwa. Mama alikuwa Mluguru. Akinisikia nasifia ndizi za kwetu alikuwa ananijibu kwa mwiko: “Kula wali, mwanangu. Ndizi utakula kwenu.”

Kuhusu jina lake la kazi kuna ubishi. Zamani waliitwa mama ntilie, yaani mama nitilie. Siku hizi viongozi na magazeti wanapendelea mama lishe, wakiona la kwanza linadharau. Huenda ni kweli. Lakini mimi nalipenda lile la zamani kwa sababu ndani yake namsikia mteja, ameshanyoosha sahani, anaomba mchuzi uongezwe. La pili linanukia semina.

Wali maharage kwake ulikuwa elfu moja mia tano, pamoja na kipande cha parachichi na mboga ya majani, matembele siku nyingi, kisamvu Ijumaa. Wali nyama elfu mbili mia tano. Dagaa wa Kigoma walipanda na kushuka kama wanavyotaka. Maji ya kunawa yalikuwa kwenye ndoo yenye koki, sabuni imefungwa kamba ili isisafiri. Madeni yaliandikwa kwenye daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na mimi nilikuwamo: “Mhaya, 4,500.” Sikuwahi kuuliza kwa nini niliandikwa kabila, si jina.

Pale nilijifunza sheria ya benchi. Benchi lilikuwa moja, refu, linatosha watu watano walionenepa au saba wa kawaida. Kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa nane mafundi gereji, makuli wa sokoni na madereva wa bodaboda husimama nyuma yako wakiwa wameshika sahani, na husikii neno lolote la kukufukuza, unasikia tu pumzi zao shingoni. Siku ya kwanza nilifungua kitabu baada ya kula. Mama akapaza sauti kutoka jikoni, kwa upole kabisa: “Msomi, umeshiba?” Watu wakacheka. Nikafunga kitabu. Ile elfu moja mia tano ilinunua wali na maharage na dakika kumi na tano, na dakika zangu zilikuwa zimekwisha.

Ila nikagundua mwanya. Baada ya saa tisa banda hubaki tupu. Mama huketi kwenye kigoda, ananyoosha miguu, anaanza kuchambua mchele wa kesho. Siku moja nikavuta ungo bila kuombwa. Nikachambua upande wangu, yeye wake, tukiongea kidogo, na nilipomaliza nikafungua kitabu na hakuna aliyeniuliza kama nimeshiba. Tangu siku hiyo nilikuwa na kiti cha alasiri. Bei yake ilikuwa kilo tatu za mchele, au kitunguu saumu kikiwa kingi, na mara moja samaki, kazi ambayo sikuirudia maana nilikwenda darasani kesho yake nikakaa safu nzima peke yangu. Nadhani sura mbili za kitabu cha fonolojia nilizielewa pale, kati ya moshi wa mkaa na mtoto wake mdogo aliyekuwa akinivuta nywele. Mama alikuwa akiamka saa kumi za usiku. Alinihesabia siku moja: mkaa, mchele, mafuta, maji ya madumu, kijana wa kuosha vyombo. Alipofika kwenye faida alinyamaza, akapuliza moto.

Sasa Magomeni. Nilipelekwa na rafiki yangu wa darasani kutoka Tanga, kijana mwenye maneno matamu kama watu wa kwao, ambaye hakuamini aliposikia kwamba sijawahi kunywa kahawa. “Wewe ni sawa na mvuvi asiyejua samaki,” alisema, akanivuta hadi kituo cha mabasi ya mwendokasi. Tulishuka Magomeni Mapipa magharibi ikiingia. Nyuma ya barabara kubwa, chini ya mwarobaini, kulikuwa na mabenchi mawili yanayotazamana, mbao zake zimelainika kwa kukaliwa, na katikati ubao wa drafti wenye kete za vizibo vya soda. Birika kubwa la kahawa limekaa juu ya jiko la mkaa. Muuzaji, mtu mwembamba wa makamo mwenye kofia ya kufuma, aligonganisha vikombe viwili mkononi, ti-ti-ti, na sauti ile ndiyo ubao wake wa matangazo.

Mabenchi yote yalikuwa ya wanaume. Hili niliseme wazi kwa sababu wasifu wa vijiwe vya kahawa huandikwa na wanaume na hawalioni. Watu kumi na wawili, wengi watu wazima, wote wakanyamaza. Hawakunyamaza kwa ubaya. Walinyamaza kama watu wanavyonyamaza mtoto akiingia sebuleni wakati wakubwa wanazungumza. Rafiki yangu akatoa salamu, akanitambulisha: mwanafunzi, ametoka Bukoba, hajawahi kunywa kahawa.

Basi. Wakaangua kicheko.

“Mhaya?” mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe akauliza. “Mhaya hajui kahawa? Na Kiingereza je, mnakijua bado?”

Utani juu ya Wahaya na Kiingereza nimeusikia tangu sekondari, lakini sikuwahi kuusikia ukiambatana na nafasi kwenye benchi. Mzee alisogea. “Mpisheni binti,” alisema, na watu sita wakasogea sentimita kumi kila mmoja, nikapata pa kukalia.

Kahawa yenyewe ilikuwa chungu hasa. Nyeusi, nzito, na tangawizi iliyonikwaruza kooni, kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono ambacho unakishika kwa ncha za vidole ukihama kidole hadi kidole kwa joto. Sukari haimo. Utamu unautafuna: kashata ya karanga, shilingi mia, unang'ata kidogo, unakunywa kidogo, na kuna ustadi wa kuvimaliza pamoja. Mimi kashata iliisha kahawa ikiwa nusu. Nikaona wananitazama kwa kona za macho, nikameza iliyobaki kama dawa.

Kisha nikaona jambo lililonirudisha pale mara nyingi. Mzee yule alikuwa na kikombe kimoja. Tulipofika alikuwa nacho, tulipoondoka saa tatu usiku alikuwa nacho, na hakuna aliyempumulia shingoni. Walibishana kuhusu bei ya mafuta, kuhusu mirathi ya jirani mmoja, kuhusu kama Kariakoo ya zamani ilikuwa na nyumba za udongo au za matumbawe. Mzee akasema jina lenyewe la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa vita vya kwanza vya dunia, waliopiga kambi pale. Nikamwambia nami nafuatilia neno mgahawa. Akafikiri. “Neno likikaa Dar,” alisema, “halitoki na sura liliyoingia nayo.” Niliiandika kwenye daftari, mwalimu akaipigia mstari mwekundu: chanzo?

Nilirudi wiki iliyofuata bila rafiki yangu. Safari hii hawakucheka. Walijibu salamu vizuri, wakasogea kidogo, lakini mazungumzo yakawa ya kuchagua maneno, na nikajua kwamba nikikaa pale benchini nitawaharibia jioni yao. Muuzaji ndiye aliyeokoa jahazi. Akageuza kreti la soda juu chini, akaliweka kando ya jiko lake, upande wa nyuma. “Kaa hapa, dada. Hapa hapana moshi.” Moshi ulikuwapo, mwingi. Lakini palikuwa pahali pangu. Nilikuwa kijiweni na sikuwa kijiweni. Wao wakasahau kuwa nipo, mazungumzo yakarudi, na mimi nikasikia kila kitu.

Kutoka kwenye lile kreti niliona kazi inavyokwenda. Alikuwa akinunua buni mbichi Kariakoo, akizikaanga usiku nyumbani kwake kwenye sufuria pana, akikoroga bila kusimama mpaka ziwe nyeusi ti, maana zikiwa kahawia tu wateja wake husema amewauzia chai. Kisha anatwanga kwenye kinu. Tangawizi anaisaga mbali. Anachemsha mara mbili, mara ya pili kwa moto mdogo, na birika halitoki mkaani hadi limalizike. Siku moja alinionyesha kiganja cha buni mbichi. “Za kwenu hizi,” alisema. Nilizitazama. Punje fupi za mviringo, robusta kama ile tunayoimwaga uani. Kwetu mkulima akiwa na shida huiuza kahawa ingali mtini, kwa bei ya huruma, na biashara hiyo tunaiita butura. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, na mara nyingi watu wamefiwa, wamelipa ada, wamemwita mnunuzi kwa mlango wa nyuma. Sikujua kama zile zilikuwa za butura au za ushirika. Buni haisemi.

Siku ya mkondo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Mei 2023, Yanga walipocheza na USM Alger Uwanja wa Mkapa, watu walijaa mpaka barabarani na muuzaji alipika mabirika matatu. Yanga walifungwa mbili kwa moja. Kesho yake nilipita jioni kwa makusudi. Mabenchi yalikuwa yamejaa vilevile, drafti inachezwa, na hakuna aliyesema neno. Mashabiki wa Simba walikuwapo. Nao walinyamaza, kwa adabu au kwa kusubiri.

Nilizunguka kwingine pia, nisiseme Magomeni tu. Kule Kisutu nilikwenda kwa sababu ya majengo, yale ya ghorofa mbili yenye mwaka wa kujengwa umechorwa juu kwa saruji, nikaishia kwenye duka la chai la Wahindi. Chai ya maziwa iliyochemka hadi imekuwa na rangi ya udongo mwekundu, wazee wanasoma magazeti, feni inazunguka pole pole. Sikuwa nimeagiza kitafunwa. Mhudumu akaleta sahani imejaa: sambusa, kachori, katlesi, badia za dengu, na bakuli la chatne ya nazi. Nikasema moyoni, mjini watu wakarimu. Nikala zote, nane. Kumbe utaratibu ni kwamba unakula utakazo na wao wanahesabu zilizobaki. Alipohesabu sahani tupu akaniangalia, nami nikaangalia pochi, na nilirudi Mabibo kwa miguu hadi Jangwani ambako nilimpigia simu rafiki yangu anitumie nauli. Lakini chatne ile! Hadi leo nikiona nazi naikumbuka.

Coco Beach nilikwenda Jumapili moja na wenzangu wa chumbani, tukala mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ukwaju, mchanga ukitusaidia kutafuna. Supu ya pweza nilijaribu mara moja, kando ya barabara usiku; wauzaji huwaita wanaume kwa ahadi zao zinazojulikana, na msichana akinyoosha mkono kupokea kibakuli foleni nzima inageuka. Ilikuwa nzuri. Chips mayai nimekula nyingi kiasi kwamba sistahili kuzitolea ushahidi. Wanafunzi huziita zege, na anayejua uzito wake tumboni saa sita usiku anajua kwamba jina limetolewa na mtu mwenye uzoefu. Zege moja, la kibanda nisichokitaja, lilinilaza siku mbili. Nilirudi palepale wiki iliyofuata. Njaa haina kinyongo.

Na Masaki. Huko tulikwenda kwa ajili ya kazi ya kikundi, kwa sababu mmoja wetu, ambaye kwao wana gari, alisema kuna mahali penye intaneti ya bure na soketi chini ya kila meza. Tukapanda daladala, tukashuka, tukatembea kwenye vivuli vya miti ambayo mtu anaimwagilia maji. Ndani kulikuwa na ubaridi. Ukutani kulikuwa na ubao mweusi umeandikwa kwa chaki aina za kahawa, na mstari wa tatu ulisomeka: Kagera.

Nikaagiza hiyo. Shilingi elfu saba. Ikaja kwenye kikombe kipana, kijana aliyeitengeneza amechora jani juu ya povu la maziwa. Nilimuuliza kama amewahi kufika Kagera. Akasema hapana, lakini anaweza kunieleza ladha yake: chokoleti, udongo, karanga kidogo. Nilikubali kwa kichwa. Mimi ninachokijua ni ladha ya majani ya bibi.

Nikiwa nasubiri ipoe nilipiga hesabu, maana hesabu huja yenyewe. Msimu ule baba aliuza kahawa ya maganda kwa kilo, na kilo nzima haikufikia nusu ya bei ya kikombe kile. Lakini nisiwe mnafiki. Kiti kilikuwa na mto. Hapakuwa na moshi wala redio, hakuna mwanaume aliyenyamaza nilipoingia, na hakuna aliyeona ajabu msichana kukaa peke yake na kitabu. Nilikaa saa tano. Zile kurasa tatu kuhusu neno mgahawa, zilizonishinda miezi minane, nilizimaliza pale, na ni mahali pekee katika jiji zima nilipoagiza kahawa kwenye mgahawa nikaletewa. Kijana mwingine alikuja mara ya kwanza akauliza, “Nikuongezee nini?” Nikasema asante, bado. Mara ya pili akaondoa kikombe kilichokuwa tupu. Mara ya tatu akaweka menyu katikati ya kitabu nilichokuwa nasoma, kwa tabasamu. Nikaijua ile pumzi ya shingoni, ila safari hii ilikuwa na manukato.

Elfu saba kwa saa tano, ukigawanya, ni elfu moja mia nne kwa saa. Magomeni ni mia mbili kwa jioni nzima, kama wewe ni mwanaume. Kama si mwanaume, mia mbili na moshi. Kwa mama wa Mabibo ni mchele.

Mwezi Juni bibi alinitumia mzigo kwa basi: chupa ya senene waliokaangwa, iliyofunguliwa njiani na mtu aliyekula robo kwa uungwana akaifunga tena, na furushi dogo limefungwa kwa maganda makavu ya mgomba. Nilijua ni nini kabla ya kulifungua. Harufu ilijaza chumba, wenzangu wakafungua dirisha. Senene tulimaliza siku hiyohiyo. Zile kahawa nilizitia mfukoni, nikapanda mwendokasi.

Muuzaji alikuwa ndiyo kwanza anaweka mkaa. Wazee walikuwa wanne tu. Nikamimina chache kwenye kiganja cha yule mwenye ndevu nyeupe, kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa, nikamwambia kwetu hivi ndivyo mgeni anavyopokewa. Akazigeuza kwa kidole. Zilikuwa nyeusi, zimenyauka, zinaonekana kama kitu ambacho mbuzi amekikataa.

“Hii ndiyo kahawa?”

“Ndiyo, babu. Inatafunwa.”

“Mgeni anapewa hii, na anarudi tena siku nyingine?”

Akatia moja mdomoni. Akatafuna taratibu, macho ameyafumba, na wenzake watatu wakimtazama kama wanaosubiri matokeo ya kura. Akatafuna sana. Akatema ganda kwenye mchanga.

“Haijaiva,” alisema.

Muuzaji akacheka, akanisogezea kreti. Mzee akanyoosha tena kiganja.

“Lete nyingine, nihakikishe.”